Usitume hiyo hela: Shenmue ilishanila mimi mchezo mzima

Mdogo wangu wa Nyegezi, usitume hiyo hela. Umeandika hapa jukwaani kwamba umedunduliza shilingi 700,000, kwamba umempata muuzaji aliyeko Marekani mwenye Dreamcast, ile mashine ya zamani ya michezo ya video ya kampuni ya Sega, pamoja na diski za mchezo wa Shenmue, ile ya kwanza, na kwamba unataka kuucheza mfululizo wote kwa mpangilio "kwenye mashine yake halisi". Kisha ukauliza mambo manne: kama bei hiyo ni ya haki, kama ucheze kwa sauti za Kijapani au za Kiingereza, kama Shenmue III inafaa, na kama Sega itawahi kutoa ya nne. Nimelisoma swali lako mara mbili nikiwa dukani, na mteja mmoja ameondoka bila kuhudumiwa, kwa sababu karibu kila sentensi uliyoiandika niliwahi kuisema mimi mwenyewe mwaka 2010, tena kwa kujiamini kuliko wewe. Walionitangulia kukujibu wanabishana kuhusu bei. Hata kama muuzaji huyo angekupa mashine bure na kukulipia usafiri mpaka uwanja wa ndege wa Mwanza, bado ningekwambia uikatae.

Nina kanuni moja tu, na nimeilipia shilingi 585,000: kabla ya kununua mashine kwa ajili ya mfululizo ambao haukumwingizia mchapishaji, yaani kampuni iliyoutoa, faida, anzia mkiani. Tafuta kwanza sehemu ya mwisho ya mfululizo ilitolewa kwa mashine gani, na kwa nchi zipi, halafu rudi nyuma hatua kwa hatua mpaka ya kwanza. Mfululizo unaouzika hukaa nyumbani kwake miaka yote. Usiouzika huhamishwa kama mpangaji anayedaiwa kodi, na wewe mchezaji ndiye unayebeba vitanda.

Sasa nisikilize. Mwaka 2010 nilikuwa nauza vipuri vya injini za mitumbwi karibu na Mwaloni, Kirumba, na nilikuwa nimeingia kwenye mchezo wa watu kumi na wawili, ule wa kupeana hela kwa zamu, kijumbe akiwa mama mmoja muuza dagaa ambaye hajawahi kuchelewesha hela ya mtu hata kwa saa moja. Zamu yangu ilipofika nilipokea shilingi 600,000. Nilimwambia mama yangu kwamba hela ya mchezo naiingiza tena kwenye mchezo, naye akanisifu, akidhani nimejiunga na mchezo wa pili.

Shenmue nilikuwa nimeiona mwaka 2002 kwa mtoto wa jirani aliyeletwa likizo na wazazi wake kutoka Uingereza. Alikuwa na Dreamcast, na alikuwa nazo zote mbili, ya kwanza na ya pili. Kumbuka jambo hilo, kwa maana ndilo lililonimaliza: niliiona Shenmue II ikichezwa kwenye Dreamcast kwa macho yangu mawili. Kwa majuma matatu nilikaa sakafuni nikimtazama Ryo Hazuki, kijana shujaa wa mchezo huo, akifungua makabati ya nyumbani kwao, akimlisha paka mdogo, akiwauliza watu wa Yokosuka, mji wa Japani, maswali ya mwaka 1986 kuhusu gari jeusi na mtu aliyemuua baba yake. Alipoanza kazi ya kuendesha foko, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, bandarini, nilihisi kama mchezo ule umetengenezwa kwa ajili ya watoto wa Mwanza, tuliokua tukitazama makuli na makontena pale bandari ya kusini. Mpaka leo sijaona mchezo mwingine unaokuambia kwamba kazi ya leo imeisha, nenda nyumbani ukalale, kesho uamke mapema.

Kwa hiyo nilipopata hela nilikwenda kwenye jukwaa moja la wapenzi wa michezo, si hili, nikauliza kama unavyouliza wewe. Akanijibu mjuaji mmoja, mwenye maelfu ya machapisho na picha ya simba kwenye akaunti yake, kwamba niende tu kwa muuzaji fulani wa Dar es Salaam anayeagiza mitumba ya Marekani, na kwamba nisijali imetoka nchi gani, kwa sababu "Dreamcast ni Dreamcast". Maneno matatu. Mtu huyo hakuwahi kuishika Dreamcast, nilikuja kuligundua hilo baadaye kwa kusoma machapisho yake ya nyuma, ambamo kwa ujasiri uleule alikuwa anawafundisha watu kufuga kuku wa mayai, kutibu vidonda vya tumbo na kuchagua mchumba. Natumaini kuku wake wote wametaga kwenye paa.

Muuzaji naye alinihakikishia kwamba mashine ni nzima. Nikamtumia 320,000 kwa mashine, kidude cha kuchezea, kadi ya kumbukumbu na diski za Shenmue ya kwanza, mzigo ukapanda basi, na siku ya tatu nikaupokea stendi ya Nyegezi nikiwa nimeukumbatia kama mtoto aliyetoka kuzaliwa.

Waya wa umeme uliokuja nao ulikuwa na kichwa cha Kimarekani, vile vibati viwili bapa visivyoingia kwenye soketi zetu. Nikaona ni jambo dogo. Nyuma ya mashine tundu la umeme lilikuwa lile la matundu mawili yaliyoungana kama namba nane, na redio ya mama ilikuwa na tundu la namna hiyohiyo. Nikachomoa waya wa redio, nikauchomeka kwenye mashine, ukaingia kwa ulaini wa kutisha. Nilipobonyeza swichi nilisikia mlio mmoja mfupi, kama punje ya mahindi inayopasuka kwenye mafuta, kisha ikaja harufu ya plastiki iliyoungua, ambayo iliishinda hata harufu ya dagaa waliokuwa wakikaangwa uani. Niliigeuza mashine nikasoma kibao cha chini kwa mara ya kwanza: volti 120. Nilikuwa nimekwisha kukiona kibao kile wakati nafungua boksi, nikadhani ni namba ya mashine.

Fundi wa redio pale Makoroboi alinitoza 45,000 kufufua sehemu ya umeme, na transfoma ya kushusha volti 230 kuwa 110 nikainunua kwa 60,000. Niliumia, lakini naomba unielewe vizuri: huo moto haukuwa kosa langu kubwa. Watu wengi hapa watakuonya kuhusu umeme, nawe utanunua transfoma, utajiona mjanja, halafu utaingia kwenye shimo lenyewe ukiwa umevaa viatu vizuri.

Shimo lenyewe ni hili. Niliicheza Shenmue ya kwanza kwa miezi miwili kwenye televisheni ya chogo, na kila jioni nilikuwa mtu mwenye furaha. Mchezo unaisha Ryo akipanda meli kwenda Hong Kong kumfuata Lan Di, yule aliyemuua baba yake, na unakuacha gatini ukiwa na kila swali ulilokuja nalo. Nikampigia simu muuzaji, nikamwambia nahitaji Shenmue II ya Dreamcast, toleo la Marekani lilingane na mashine yangu. Akasema ipo, iko njiani, nitume kishika nafasi cha 70,000. Nikatuma. Nikasubiri mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, na mwezi wa nne akaanza kunieleza kuhusu msongamano wa bandari.

Mdogo wangu, diski hiyo haikuwepo njiani wala popote pale duniani. Shenmue II ya Dreamcast haikuwahi kutolewa Marekani. Nililipa kishika nafasi cha kitu ambacho hakikuwahi kuuzwa kwenye rafu ya duka lolote, na mtu aliyezipokea fedha zangu alikuwa na ujasiri wa kukipatia kitu hicho meli, bandari na foleni ya ushuru. Siku nilipomweleza ukweli alikata simu, na namba ile haikupokewa tena. Nimewahi kutapeliwa kwa injini bovu, lakini injini bovu angalau unaweza kukaa juu yake ukifikiri.

Ni lazima nieleze ni kwa nini diski hiyo haikuwepo, maana hapo ndipo kanuni yangu ilipozaliwa. Shenmue ilianza kutengenezwa kwa ajili ya mashine ya Sega Saturn, ikahamishiwa Dreamcast kabla hata haijaonekana dukani. Kwa hiyo uhamaji ulikuwa kwenye damu yake tangu tumboni. Ilitoka Japani tarehe 29 Desemba 1999, ikafika Marekani na Ulaya mwishoni mwa mwaka 2000. Kiongozi wake alikuwa Yu Suzuki, mtu aliyeiletea Sega michezo ya Hang-On, Out Run na Virtua Fighter, hivyo hakuna aliyethubutu kumnyima fedha. Kwa miaka mingi gharama yake ilitajwa kuwa dola milioni 70. Baadaye Suzuki mwenyewe alisema ilikuwa kama dola milioni 47, matangazo yakiwemo, na kwamba sehemu ya fedha hizo ilitumika pia kwa Shenmue II. Chukua hata tarakimu hiyo ndogo. Mchezo uliuza nakala kama milioni 1.2 kwenye mashine ambayo maisha yake yote iliuzwa chini ya milioni 10. Hata kijumbe wangu, asiyejua Dreamcast ni samaki au mboga, angekwambia kwamba mchezo huo hautafika zamu ya mwisho.

Tarehe 31 Januari 2001 Sega ikatangaza kwamba inaachana na kutengeneza mashine, na Dreamcast ikafungiwa kiwanda mwishoni mwa Machi. Shenmue II ilikuwa imekaribia kukamilika. Ikatolewa kwa Dreamcast Japani mwezi Septemba 2001 na Ulaya mwezi Novemba, ikiwa kwenye diski nne, nayo hiyo ya Ulaya ilibaki na sauti za Kijapani na maandishi ya Kiingereza. Wamarekani walikuwa wameahidiwa ya kwao. Kisha Microsoft, iliyokuwa inaingia sokoni na Xbox, mashine yake ya michezo, na kutafuta michezo ya kujipambanua, ikachukua haki ya kuitoa peke yake huko Amerika ya Kaskazini, toleo la Dreamcast la Marekani likafutwa, na mchezo ukatoka kwenye Xbox mwezi Oktoba 2002.

Tafakari maana yake kwa mtu aliyeinunua ya kwanza. Ni kama umekata tiketi ya meli kutoka Mwanza kwenda Nansio, mkiwa katikati ya ziwa nahodha anatangaza kwamba safari inaendelea, hakuna wasiwasi, ila meli ya kuendelea nayo inaondokea Musoma, na tiketi mlizonazo hazitambuliki huko. Tena kwenye boksi la mchezo huo wa Xbox waliweka na DVD ya filamu iliyounganishwa kutokana na matukio ya mchezo wa kwanza, ili wageni wajue hadithi ilikotoka. Kwenye Dreamcast, mtu aliyemaliza ya kwanza aliweza kuingia kwenye ya pili na vitu vyake, fedha zake na mbinu zake za kupigana zikiwa kwenye kadi ya kumbukumbu. Mmarekani aliyehamia Xbox aliambiwa atazame filamu. Miezi yote aliyookota midoli na kufanya mazoezi uwanjani usiku ikageuzwa kuwa jambo la kutazama na bisi mkononi.

Sitaki ionekane kana kwamba naidai Sega iendelee kutupa fedha ziwani. Kampuni ilikuwa inazama, na mfanyabiashara anayezama hutupa mzigo. Ninachosema ni kwamba mchapishaji anapoutupa mzigo wa namna hii, hautupi wote kwa pamoja mahali pamoja; kipande anampa huyu, kipande anamwachia yule, na anayekuja miaka kumi baadaye na hela ya kijumbe anaokota vipande ambavyo haviungani. Wala si Shenmue peke yake. Kuna mchezo mwingine, Bayonetta: ya kwanza Sega iliitoa kwenye PS3 ya Sony na Xbox 360 ya Microsoft. Ya pili ikakosa mfadhili mpaka Nintendo ilipoingiza fedha, ikatoka mwaka 2014 kwenye Wii U tu, mashine ya Nintendo yenyewe, na wenye PS3 wakabaki wanatazama picha. Ungeanzia mkiani ungeliona hilo kabla ya kufungua pochi.

Nirudi Kirumba. Baada ya muuzaji kuyeyuka, nilimwandikia binamu yangu aliyekuwa anasoma Uingereza. Nilijua, kwa yale macho yangu mawili ya mwaka 2002, kwamba Ulaya Shenmue II ya Dreamcast ipo. Akaitafuta, akaipata, ikanigharimu 90,000 pamoja na posta. Bahasha ilipofika niliifungua pale pale kaunta. Kwenye jalada kulikuwa na alama ya Dreamcast, ule mzunguko unaofanana na ganda la konokono, na ulikuwa wa rangi ya bluu. Nikatabasamu nikadhani ni urembo wa toleo jipya. Nilipofika nyumbani nikaiweka mashine yangu mezani, na kwenye kifuniko chake kulikuwa na mzunguko uleule, wa rangi ya machungwa. Nilivitazama vitu hivyo viwili vikiwa vimekaa pamoja juu ya kitambaa cha mama cha meza, bluu na machungwa, na bado akili haikuniambia chochote. Bluu ilikuwa alama ya mashine na diski za Ulaya, na machungwa ni ya Marekani. Mashine ya nchi moja haiisomi diski ya nchi nyingine.

Niliiingiza diski ya kwanza. Mashine ikanguruma kwa sauti yake ile ya kusaga mtama, ikafikiri, ikanirudisha kwenye menyu yake. Nikaitoa, nikaifuta kwa kanga, nikairudisha. Menyu. Nikajaribu diski ya pili, ya tatu, na ya nne, kama mtu anayebadilisha funguo kwenye kufuli la nyumba isiyo yake. Nikazima transfoma, nikahesabu mpaka mia, nikawasha tena. Saa saba ya usiku mama alitoka chumbani akanikuta nimekaa gizani mbele ya menyu ya bluu, akaniuliza kama kuna msiba.

Naam, nakusikia wewe uliyeko nyuma unayetaka kuandika kwamba kuna diski maalumu ya kutangulizia, ambayo ukiiweka kwanza inaidanganya mashine na kuifanya ikubali diski ya nchi nyingine. Ni kweli ipo, na Wamarekani wengi waliokataa kuhamia Xbox waliitumia kucheza hilo toleo la Ulaya. Nililijua hilo miezi mitano baadaye, wakati ile kazi ya fundi wa Makoroboi imekwisha kuachia, mashine imekufa mara ya pili, na nimeapa mbele ya mama kwamba haifufuliwi tena. Kwa hiyo ahsante kwa taarifa, ndugu, umechelewa miaka mingi na shilingi 585,000. Zile 15,000 zilizobaki kwenye hela ya zamu yangu nilinunulia sato mkubwa wa kumwombea msamaha mama. Alimla. Msamaha alisema ataufikiria. Na babu yangu wa Magu, ambaye kila hesabu huigeuza kuwa ng'ombe, kila nikienda likizo huniuliza wale ndama wangu wa Japani wanaendeleaje.

Wakati huohuo, tazama mchapishaji mwenyewe alivyokuwa anamtunza Ryo. Baada ya toleo la Xbox, hadithi ilisimama pangoni kule Guilin, China, mlango umefunguka na hakuna anayesema kilichoko ndani. Mwaka 2004 ukatangazwa mchezo wa mtandaoni wa Shenmue, nao ukafa bila kutoka. Mwaka ule ule wa msiba wangu, 2010, Sega ilimtoa Ryo kwenye mchezo wa mbio za magari pamoja na Sonic, na kwenye shambulio lake maalumu akawa anaendesha foko. Yaani walikumbuka kwamba tunampenda, walikumbuka hata foko, na walichokiona kinafaa kufanywa na upendo huo ni kichekesho. Hapo ndipo nilipoacha kuamini kwamba mapenzi ya watu yanahesabika kwenye vitabu vya kampuni.

Hata mwendelezo, Shenmue III, ulipokuja, haukuja kwa fedha za Sega. Suzuki alipanda jukwaani kwenye maonyesho ya Sony mwezi Juni 2015, akaomba mchango wa umma wa dola milioni 2 kupitia Kickstarter, akazipata kabla siku haijaisha, na kampeni ikafungwa ikiwa na dola milioni 6.3 kutoka kwa watu zaidi ya 69,000. Sega ilitoa ruhusa ya kutumia jina. Mchezo ulioahidiwa Desemba 2017 ukatoka tarehe 19 Novemba 2019, kwenye PS4, mashine ya Sony, na kompyuta tu. Na hata hapo, miezi michache kabla, waliochangia kwa ajili ya kompyuta waliambiwa kwamba utapitia duka la mtandaoni la Epic, wakati wengi walikuwa wanalitegemea duka la Steam, na zikazuka kelele mpaka wakaanza kurudishiwa fedha waliotaka. Uhamisho mwingine tena, mdogo wangu, mchezo ukiwa haujazaliwa bado. Sikuchangia hata senti. Rafiki zangu waliochangia waliniita mchoyo. Nilikuwa tu na kumbukumbu nzuri ya harufu ya plastiki.

Sasa uanzie mkiani pamoja nami, uone jinsi kazi inavyokuwa nyepesi. Shenmue III iko kwenye PS4. Rudi nyuma hatua moja: mwezi Agosti 2018 Sega yenyewe ilizitoa upya ya kwanza na ya pili kwa pamoja, kwenye PS4, Xbox One na kompyuta, ukichagua sauti unazotaka. Umeshamaliza. Tatu zote zinakaa kwenye mashine moja, ambayo hapa mjini unaipata iliyotumika bila kumwamini mtu yeyote wa ng'ambo, unaijaribu dukani kabla ya kulipa, inakubali umeme wetu bila transfoma, na haiulizi diski imetoka nchi gani. Na nunua diski, usipakue, kwa sababu vifurushi vya intaneti navyo vina namna yake ya kula mchezo wa mtu. Utakuwa na mfululizo mzima, na hela ya kurudi nayo nyumbani. Ningeambiwa hivyo mwaka 2010 ningelia, japokuwa mwaka 2010 haikuwezekana; jibu sahihi kwangu wakati ule lilikuwa kununua mashine ya Ulaya, ile ya konokono wa bluu, na ningelipata kwa kuuliza swali moja tu kuhusu ya pili kabla ya kuinunua ya kwanza.

Kulikuwa na jambo jingine umeuliza, nadhani kuhusu ya nne. Hadithi haijaisha kwenye ya tatu, hilo ulijue mapema. Siku ikitangazwa, usinunue chochote. Soma itatoka kwenye mashine gani, kisha uje hapa uniandikie.

Kama bado unang'ang'ania Dreamcast kwa sababu ya mapenzi, nami siwezi kukucheka, basi mwambie huyo muuzaji wako akutumie picha mbili leo hii: kibao cha chini ya mashine, na kifuniko cha juu chenye ule mzunguko. Ziweke hapa kabla hujatuma hata shilingi. Nitakuwepo mpaka saa nne ya usiku. Transfoma yangu bado nzima, kwa taarifa yako. Iko kwenye saluni ya shemeji yangu kule Mabatini, inaendesha mashine ya kunyolea aliyoletewa kutoka Marekani, na tangu aichukue hajawahi kunilipa.